Waya za Umbea

Katika karakana ile ya kuchonga gia, siri zote za umeme alikuwa nazo mwanamke mmoja, na mwanamke huyo alikuwa na wivu wa kuwatosha wanawake wa mtaa mzima na ukabaki wa akiba. Walimwita Bi Mita, kwa sababu hakuonekana bila mita yake ya kupimia umeme, ile ya zamani yenye mshale, imening'inia kifuani kwa kamba kama hirizi. Wapo waliomcheka. Lakini mashine ikigoma vicheko vilikoma, na wale wale waliocheka ndio waliotumwa mbio kumwita.

Umeme alirithi kwa baba yake, fundi redio. Alikulia chini ya meza ya kazi, akiokota vipande vya solda kama watoto wengine wanavyookota kokoto. Shule ya msingi alimaliza, akafaulu, lakini nyumbani walikuwa wengi na yeye ni msichana; elimu ya darasani ikaishia pale, ya mezani ikaendelea. Kabla hajaota ndoto za kuolewa alikuwa tayari anasuka mota za feni, koili juu ya koili, na feni zake zilizunguka hata pale za mafundi wenye vibao barabarani zilipokuwa zimekwisha kutupwa jalalani.

Mume alimpata hapo hapo mezani. Kijana mmoja mchonga vyuma alileta drili iliyoungua, akasema, "Dada, hii ni kusogeza robo tu, itawaka." Haikuwaka. Bi Mita akaitengeneza, kijana akaichukua, kesho yake akairudisha, keshokutwa akairudisha tena, mpaka baba mtu akavua miwani. "Bwana mdogo," akasema, "drili yako imepona tangu juzi. Sema unachotaka kutengenezewa."

Kijana akasema. Wakaoana, wakazaa, watoto wakakua wakaenda kwao. Yeye akawa Mzee Robo, kwa kuwa hakuna shida duniani ambayo kwake haikuwa ya kusogeza robo tu: bolti iliyokaza, mlango unaolia, hata ugomvi wa majirani. Na mwenye karakana alipohitaji fundi umeme, Mzee Robo akasema, "Nyumbani ninaye mmoja." Ndivyo wakawa wanaamka pamoja, wanafanya kazi pamoja, wanarudi pamoja. Ungedhani mwanamke wa namna hiyo hana tena cha kuonea wivu.

Alikuwa nacho. Aliwahi kumwonea wivu muuguzi aliyempima mumewe homa, akisema mkono ulikaa mno kwenye paji la uso. Aliwahi kumwonea wivu wifi yake, dada wa mumewe tumbo moja, kwa sababu Mzee Robo alikuwa akicheka naye kwa kicheko ambacho nyumbani hakijapata kusikika. Aliionea wivu hata mashine. Mzee Robo alikuwa na mashine kubwa yenye meza ya chuma ya kuzunguka, duara, pana kuliko mlango wa chumba chao. Juu yake alifunga chuma kibichi, meza ikageuka kidogo, kisu kikachonga jino, ikageuka tena, jino jingine, mpaka gia ikakamilika. Jioni aliipangusa kwa kitambaa laini, taratibu, akiizunguka.

"Mke mwenzangu ameshaoga?" Bi Mita alikuwa akiuliza kutoka mlangoni.

"Bado masikio," Mzee Robo alijibu.

"Basi harakisha. Na hicho kitambaa chake kilikuwa mto wangu."

Hayo yalikuwa ya kuchekwa. Lililokuwa si la kuchekwa ni jina moja: Sukari.

Sukari alikuwa fundi wa kike aliyetangulia. Meza ile ilipoletwa, kabla Bi Mita hajaijua hata njia ya karakana, Sukari ndiye aliyefunga waya zake zote, na msaidizi wake akiwa Mzee Robo, wakati huo kijana mwenye nywele. Watu wa zamani walisema walifaana. Wengine walisema zaidi ya hapo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na Bi Mita aliishi na lisemwalo hilo kama mtu anavyoishi na jiwe ndani ya kiatu. Mumewe alisema tu, "Tulifanya kazi." Na kwa nini anaitwa Sukari? "Ah, jina la kazini." Mwanamke mwenye kujiheshimu hakuuliza mara ya pili. Lakini sukari ni sukari. Nani amewahi kumwita mtu hivyo kwa sababu ni mchungu?

Sasa ili mtu aelewe yaliyotokea, lazima aijue ile meza inavyozungumza. Ilizungushwa na mota iliyofichwa chini yake. Nguvu ya mota ilitoka kwenye kabati la umeme lililosimama ukutani, ikaja kwa waya nene. Lakini kabati ni kipofu. Halijui kama meza imezunguka au imelala mpaka liambiwe. Kwa hiyo ziko waya nyembamba zinazotoka mezani kurudi kabatini na habari. Vitabuni zina jina refu. Karakanani waliziita waya za umbea. Nyuma ya mota palikuwa na kidinamo, ndugu yake dinamo ya baiskeli: mota ikienda polepole kinatoa umeme kidogo, ikienda mbio kinatoa mwingi, na kabati likiusikia linajua mwendo. Huyo walimwita mmbea wa mwendo. Chini ya sahani ya meza alikuwako mwenzake, kazi yake kusema meza imesimama pembe gani. Huyo ni mmbea wa mahali.

Mmbea wa mahali akikosea, gia inaharibika, mnalaumiana yanakwisha. Ila mmbea wa mwendo akifungwa waya zake kinyume, hapo ni balaa. Meza ikikimbia mbele, yeye anapeleka habari kwamba inarudi nyuma. Kabati linaongeza nguvu ili liisukume mbele. Meza inazidi mbio. Yeye anazidi kulia kwamba inarudi nyuma. Ndivyo nyumba nyingi zinavyoungua.

Siku moja mpira uliobeba waya hizo ukakatika. Mafuta ya kupozea chuma yalikuwa yameuguguna miaka mingi, na vinyolewa vya chuma, yale makombo makali ya kuchonga, vikamalizia. Waya zikatoka nje kama matumbo. Namba zilizoandikwa juu yake zilikuwa zimefutika zamani, na rangi zote, nyekundu, bluu, nyeupe, zilikuwa zimekuwa rangi moja: ya chai ya jana.

Mwenye karakana, aliyeitwa Tajiri kwa dua zaidi kuliko kwa ukweli, akaja akainama, akashika kiuno. "Nani alizifunga hizi?"

Mzee Robo akakuna kidevu. "Sukari."

"Yuko hai?"

"Yuko. Nasikia ana duka la vifaa vya umeme karibu na stendi."

Bi Mita alikuwa amepiga magoti chini ya meza. Akatoa kichwa. "Unasikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, mama watoto."

"Watu hao hawana majina? Na mlango wa duka hawakukwambia una rangi gani?"

Tajiri akakohoa. "Jamani, mimi nataka meza izunguke. Tumwite huyo mama aseme ipi ni ipi, tumalize. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji haumwi," Bi Mita akasema, akisimama na kukung'uta magoti. "Nipe leo na kesho. Waya hazina majina, nitazipa. Nikishindwa, mwite umtakaye, na bendi ya kumpokea uilete."

Tajiri akakubali. Mzee Robo akatazama upande wa stendi, na Bi Mita akaliona hilo, akaliweka moyoni pamoja na mengine. Alijua kinachotafutwa. Akizitambua waya, Sukari hatakanyaga pale. Akishindwa, yule mwanamke ataingia kwa mlango wa mbele, na ataingia kama mwokozi.

Akaanza. Kutambua waya zisizo na majina ni kama kutambua watoto wa watu msibani: humjui hata mmoja, lakini ukiwatazama wanavyokaa unasema, huyu na huyu ni wa tumbo moja. Aligusisha ncha za mita waya na waya. Mbili nene, mshale ukaruka mpaka mwisho: hizo za nguvu. Mbili nyingine mshale ukanyanyuka kivivu. Akazigusisha betri, ndani ya meza kukalia ta! Hiyo breki imeachia. Za mmbea wa mahali hazikumsumbua, maana kibao chake kilikuwa chini ya sahani na grisi ilikuwa imezihifadhi namba zake kama mboga kwenye mafuta. Zikabaki mbili. Akafungua kifuniko cha nyuma ya mota, akazungusha shafti, ule mhimili wake, kwa vidole, na mshale wa mita ukainua kichwa kama kuku aliyesikia mtama.

"Karibu, mmbea," akasema peke yake.

Lilikuwa limebaki jambo moja: kati ya waya hizo mbili, ipi ni ya kuanza na ipi ni ya kufuata. Akazipangusa mafuta kwa kidole gumba, na kidole kikakwama kwenye kitu.

Uzi. Uzi mnene uliopakwa nta, umezungushwa kwenye kila waya. Kwenye moja palikuwa na fundo moja, kwenye nyingine mafundo mawili. Akaenda kabatini, akaangaza tochi. Kule nako, kwenye vichwa vya waya, nyuzi zile zile: fundo moja, mafundo mawili. Fundo dogo, zuri, la umbo la punje ya mchele, na kimkia kimelazwa kando.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu, akaunganisha moja kwa moja na mbili kwa mbili, akaenda kunywa chai. Bi Mita alisimama pale na tochi. Fundo lile alilijua.

Nyumbani kwao, juu ya kitanda, kwenye msumari, ulining'inia mfuko wa turubai ambamo Mzee Robo aliweka kipimo chake cha vyuma tangu ujana. Umeshonwa pembeni kwa uzi wa nta, na kila mwisho wa mshono una fundo la punje ya mchele. Miaka yote aliambiwa, "Aliushona marehemu mama." Na yeye, kwa heshima ya mama mkwe, alikuwa akiupangusa vumbi, na alipohama chumba aliubeba mwenyewe mkononi. Lakini mama mkwe hakupata kukanyaga karakana hata siku moja. Fundo lake lilifikaje ndani ya meza ya chuma? Aliyefunga waya hizi ni Sukari. Basi aliyeshona mfuko ni nani?

Jioni ile alipakua chakula bila kugonganisha sufuria, na Mzee Robo, aliyeishi naye muda wa kutosha, akaogopa.

"Waya zimefika wapi?"

"Zimefika mahali."

"Vizuri."

"Mama mkwe," Bi Mita akasema, "Mungu amrehemu, alijifunzia wapi kushona turubai? Ile si kazi ya sindano ya nguo."

Mzee Robo akameza vibaya. Akakohoa, akanywa maji, akatazama mlango. "Ah, mama alikuwa na mambo mengi."

"Naona," Bi Mita akasema. "Naona kweli alikuwa na mambo mengi."

Akalala ameupa mgongo ule msumari. Miaka yote, akawaza, miaka yote kipimo chake kinalala ndani ya mikono ya yule mwanamke, na mimi ndiye mpangusaji.

Asubuhi aliingia karakanani kabla ya mtu yeyote, akachukua koleo, akazikata nyuzi. Za mezani akakata, za kabatini akakata, akazikusanya kiganjani akazitupa kwenye pipa la vinyolewa. Hakutaka kusaidiwa na mkono ule. Yeye binti wa fundi redio alihitaji kuelekezwa na uzi?

Kwenye uso wa mota palikuwa na mshale uliochorwa: ikizunguka kulia, waya ya kwanza ya mmbea iwe chanya. Rahisi. Akatambaa nyuma ya mota, akalala ubavu, akaishika shafti, akaizungusha kulia, akatazama mita, akaweka alama. Alitaka meza izunguke kabla chai haijachemka, ili mumewe akiingia akute hakuna tena wa kuitwa. Akaunganisha, akafunga.

Walipokusanyika, Mzee Robo alikuwa ameweka kopo la bolti juu ya meza, kama ilivyokuwa desturi yake. "Washa," Bi Mita akasema, kidevu juu.

Meza ikaanza taratibu, kama bibi harusi. Tajiri akaanza kutabasamu. Kisha ikaongeza mwendo. Ikaongeza tena. Kopo likateleza, likaruka, bolti zikamwagika hewani kama mvua ya mawe na watu wakalala chini. Chuma kile kizito kikawa kinanguruma, na upepo wake ukapeperusha karatasi ukutani. Mzee Robo alijirusha kwa tumbo juu ya kitufe chekundu. Kabatini kukalia pwaa! Harufu ya fyuzi ikajaa.

Hakuna aliyeumia. Tajiri akainuka, akatoa bolti ndani ya mfuko wa shati lake, akaitazama. "Robo," akasema polepole, "nenda stendi."

Sukari akaja kabla ya adhuhuri. Kwa miaka yote Bi Mita alikuwa amemchora kichwani: kiuno, shingo, mwendo wa madaha. Aliyeingia alikuwa mama mpana, miwani imefungwa kamba, anatembea kwa kupumzika, na kwapani amebeba mto wa kupigia magoti. Hata hivyo alikuwa na ngozi nzuri. Hilo Bi Mita aliliona kabla ya yote.

"Robo! Nywele umempa nani?"

"Sukari! Ulizoacha ndizo zilizokwisha!"

Wakashikana mikono wakacheka. Kilikuwa kicheko kile kile ambacho mumewe alicheka na wifi yake. Mikono haikuachana.

"Mnasalimiana au mnaagana?" Bi Mita akauliza.

Sukari akageuka, uso umechanua. "Huyu ndiye wifi yangu! Nimekusikia sana, wifi."

"Wifi wa upande gani, dada? Ukoo wa mume wangu naujua mpaka waliokufa."

"Huyu alikuwa mdogo wangu wa kazi. Nimempiga kofi la kisogo mara ngapi, Robo?"

Chai ikaletwa. Sukari akavuta kopo la sukari, akachota, akachota, akaendelea kuchota mpaka kijiko kikakaribia kusimama chenyewe ndani ya kikombe. "Mwenye karakana wa zamani aliifungia sukari kabatini kwa ajili yangu," akasema. "Ndipo wakanipa jina."

Bi Mita akatazama kikombe kile. Kumbe ni hilo. Badala ya kufurahi akahisi kama mtu aliyelinda shamba miaka mingi, akagundua kwamba nyani mwenyewe hakuwapo. Wivu wote ule, umeliwa na kijiko.

Sukari akaweka mto chini, akapiga magoti mbele ya meza kwa kuugua, akainua waya. "Haya. Nyuzi za Robo ziko wapi?"

"Nyuzi za nani?"

"Za Robo. Palikuwa na nyuzi zenye mafundo. Mimi fundo siliwezi, wifi, hata viatu vyangu havina kamba, angalia. Nilikuwa nikisema, hii moja, hii mbili, na yeye anafunga kwa sindano yake. Mkono wake ni kama wa fundi cherehani! Mpaka mfuko wa kipimo alijishonea mwenyewe, tukawa tunamtania."

Mzee Robo alikuwa anasoma kopo la grisi kama gazeti.

Kwa habari za mapenzi ya zamani Bi Mita alikuwa amejiandaa. Alikuwa na maneno yamenolewa tayari, ya kumwambia yeye na ya kumwambia mume. Kwa hili hakujiandaa. Vifungo vyote vya mashati ya mwanamume huyu alivishona yeye, dirishani, kwenye mwanga, na mume akikaa kando ameshika rili ya uzi kama mtu asiyejua sindano ina tundu upande gani. Yule pale mwenye miwani ya kamba alijua. Muda wote alijua kitu cha mume wake ambacho yeye hakijui. Afadhali wangekuwa wapenzi! Wapenzi huachana na vyao vikaisha. Hili lilikuwa limekaa pale, zima, bichi, mali ya mwanamke mwingine.

"Unajua kushona," akamwambia mumewe. Hakuuliza.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi cha turubai."

"Mama alinifundisha," Mzee Robo akasema kwa sauti ndogo. "Vijana wangenicheka. Nikasema kashona yeye. Halafu nikawa nimeshasema. Na wewe ulipenda kunishonea vifungo, mama watoto. Ningeanzia wapi?"

"Basi nyuzi ziko wapi?" Sukari akarudia.

"Nimezikata," Bi Mita akasema.

"Kwa nini?"

"Zilikuwa na mafuta."

Sukari akamtazama juu ya miwani, akamtazama Mzee Robo, akatazama waya. Alikuwa mwanamke, akaelewa. Na alikuwa muungwana, akanyamaza. "Basi, wifi, mimi sina faida hapa. Nilikuwa nikiyasoma mafundo, sikuyakariri. Robo, la kwanza lilikuwa wapi?"

"Sikumbuki. Labda kusogeza robo..."

"Wewe na robo yako nyamaza," wakasema wote wawili kwa pamoja, na Bi Mita akachukia kwamba wamesema kwa pamoja.

Haikubaki ila kupima upya. Sukari, kwa magoti yake, hakuweza kutambaa. Akabaki mbele ya mota. Bi Mita akaenda nyuma, mahali pake pa asubuhi. Mita ikawekwa katikati. Mzee Robo akaingiza ufunguo kwenye shafti, akaanza kuizungusha pole pole.

"Inakwenda kulia," Sukari akasema.

"Kushoto," Bi Mita akasema.

"Kulia, wifi."

"Dada, macho ninayo. Kushoto."

"Miwani ninayo mimi, wewe huna. Hii inakwenda kulia."

"Basi miwani yako ya stendi! Kama unataka kunifundisha kulia na kushoto, nilishafundishwa kula!"

"Robo, unazungusha wapi?"

"Mimi nazungusha tu," Mzee Robo akasema, jasho linamtoka.

Bi Mita akainua kichwa amjibu, na juu ya mgongo wa mota akakutana na ile miwani ikimtazama uso kwa uso. Wamekaa wakitazamana. Kulia kwa anayetazama uso ni kushoto kwa anayetazama mgongo. Mtoto aliyewahi kusimama mbele ya kioo anajua. Mshale ulichorwa usoni mwa mota. Asubuhi yeye alikuwa amelala mgongoni mwake, na hasira imemziba.

Angeweza kunyamaza. Angesema fyuzi ilikuwa mbovu, kabati limechoka. Lakini alimwona Sukari anaanza kukunja uso, kama mtu ambaye jibu limeshagonga mlango wake. Punde angelisema yeye, na Tajiri angempigia makofi. Kosa ni langu, Bi Mita akawaza. Basi na kulifumbua kuwe kwangu. Hata hili nimgawie?

"Wote tumesema kweli," akasema kwa sauti ya kumfikia Tajiri mlangoni. "Wewe uko mbele, mimi niko nyuma. Asubuhi nilipima kwa nyuma nikaunganisha kwa mbele. Nimekosea mimi. Nipe bisibisi."

Akazibadilisha zile mbili, akaweka fyuzi mpya, na safari hii akaondoa kopo la bolti mwenyewe. Meza ikaanza taratibu, ikaendelea taratibu, ikageuka, ikasimama, ikageuka tena, tulivu kama mtu anayesikilizwa.

Tajiri akapiga makofi, akawapigia wote wawili, na hilo nalo Bi Mita hakulipenda. "Mama Sukari, uwe unakuja kutusalimia," Tajiri akasema. "Njoo ofisini, kuna chai nyingine."

"Zifungwe nyuzi kwanza," Sukari akasema akijaribu kuinuka. "Robo, sindano bado unayo? Nikae nikuone, nicheke kama zamani."

Bi Mita akamshika mkono, akamwinua vizuri kabisa, akamwekea mto wake kwapani. "Nenda ukanywe chai, dada. Asante kwa kuja. Ofisi ni ile pale, na sukari iko juu ya meza, hatufungii. Hii iliyobaki ni kazi ya mume na mke."

Sukari akacheka mpaka miwani ikaanguka kifuani, akaenda zake.

Wakabaki wawili. Mzee Robo akatoa sindano kutoka ndani ya ukosi wa koti lake, mahali ambapo mkewe alifua miaka yote bila kujua anafua nini, akatia uzi kwa jaribio la kwanza, bila hata kuulamba. Bi Mita akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anatazama vidole vile vinene vinavyofunga punje ya mchele, moja, kisha mbili. Alingoja mpaka waya ya mwisho.

"Kushona unajua," akasema. "Nini kingine unajua ambacho mimi sijui?"

Mzee Robo akafikiri. Akatazama mlango. "Kusuka nywele," akasema. "Nilikuwa nikiwasuka dada zangu, mama akiwa kazini."

"Nani mwingine anajua?"

"Dada zangu."

"Hao nimewahesabu. Nani mwingine? Yule anajua?"

"Hajui."

"Hata kwa kusikia?"

"Hata kwa kusikia."

Bi Mita akafikia mlango wa karakana, akausukuma ukafungika, akarudi akaketi tena juu ya ndoo, mara hii amempa mgongo. Akafungua kilemba chake.

"Na asijue," akasema. "Anza hapa mbele."